Matairi ya mvua kwa gari la nyumbani Mwanza: ya jina au ya bei nafuu?

Mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja alfajiri kwa saa za hapa Leicester, simu ya mdogo wangu iliita. Neno la kwanza: "Dada, usishtuke, hakuna aliyeumia." Ukishaishi nje miaka ya kutosha unajua kwamba hakuna maneno yanayoshtua kuliko hayo. Kumbe alikuwa anateremka na Toyota IST ya mama kwenye barabara ya mawe huko Igogo, mvua ya asubuhi ndiyo kwanza imekatika. Akakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake taratibu kama halikusikia, hadi likaingiza pua mtaroni. Bampa likapasuka, taa moja ikaenda, na wanafunzi waliokuwa wanapita kwenda shule wakapata cha kuchekea.

Kilichoniuma ni kwamba matairi yale manne niliyatuma mimi. Ya kampuni kubwa ya Ulaya, jina ambalo kila fundi analijua, kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara) bado nene. Niliyapata kwa muuzaji wa matairi yaliyotumika, nikayapenyeza kwenye kontena la jamaa, nikajiona mjanja. Sasa nikamwambia mdogo wangu anipigie picha ubavu wa kila tairi. Picha ya kwanza ilionyesha neno DOT na mwishoni tarakimu 4312, yaani wiki ya 43 ya mwaka 2012. Picha ya pili ilionyesha mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Nilikuwa nimemtumia mama matairi ya theluji, tena yaliyozeeka, akaendeshee Mwanza.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue ya jina au ya bei nafuu, namrudishia swali: yana umri gani, na yametengenezwa kwa hali ya hewa ipi? Hayo mawili yakikaa sawa, ndipo tuzungumze jina.

Mvua ya kwetu na barabara zake

Uingereza mvua inanyesha kidogo kidogo wiki nzima, barabara inaoshwa kila siku. Mwanza ni tofauti. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na katikati ya mvua mbili jua linawaka siku kadhaa. Vumbi linakaa kwenye lami, oili inayodondoka kwenye malori inakaa juu ya vumbi. Wingu likija kutoka ziwani na kumwaga, yale matone ya kwanza yanauchanganya uchafu wote ule kuwa kitu kama mlenda. Dakika kumi za mwanzo ni mbaya kuliko saa nzima ya mvua kubwa inayofuata.

Halafu kuna vilima. Maji yanashuka katikati ya majabali, yanabeba mchanga, yanaumwaga kwenye lami pale chini. Mabatini wanajua habari ya mto Mirongo ukifurika, siwaelezi. Na kwenye mitaa ya mlimani kuna barabara za mawe zilizopangwa kwa mkono. Nzuri sana, hazichimbiki mashimo kama za udongo, ila jiwe lililosuguliwa na magurudumu kwa miaka, likilowa, ni kama sahani yenye sabuni.

Nje ya mji shida inageuka. Njia ya Magu na Bunda, au ya Usagara kwenda Shinyanga, unakimbia 80 na zaidi, na pale ambapo malori yamekandamiza lami hadi ikafanya mifereji miwili, maji yanatuama humo humo magurudumu yako yanamopita. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, safari ya Sengerema na Geita haina tena kile kituo cha lazima cha kusubiri kivuko. Watu wanatoka mjini wanakwenda moja kwa moja, mguu kwenye mafuta.

Nimezitenganisha barabara hizi mbili kwa makusudi. Kwenye mteremko wa mawe, kinachokuokoa ni mpira wenyewe: ni laini kiasi gani, unang'ang'ania kiasi gani kwenye jiwe bichi. Kwenye barabara kuu yenye maji yaliyotuama, kinachokuokoa ni kina cha mifereji ya tairi, maana lazima maji yapate pa kukimbilia. Yakikosa, tairi linapanda juu yake na kuelea, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gari la kuchezea. Tairi likiwa na upepo mdogo, jambo hilo linakuja haraka zaidi.

Unapolipia jina unalipia nini

Mara nyingi tairi la bei nafuu huuzwa kama nusu ya bei ya lile la jina, kwa saizi ile ile. Ukiyaweka pamoja, kwa macho huoni tofauti, maana mchoro wa kashata unaweza kuigwa. Mchanganyiko wa mpira ndio mgumu kuiga. Kampuni kubwa zinatumia silika (unga wa madini kama ya mchanga, kwa Kiingereza silica) na viungo vingine ili mpira ubaki unashika kwenye maji bila kuisha haraka. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya pesa yako, pamoja na majaribio ya miaka.

Inamaanisha nini barabarani? Chukua hesabu ya mfano. Magari mawili yanakimbia 80 kwenye lami iliyolowa, madereva wanakanyaga breki kwa pamoja. La kwanza linasimama baada ya mita 42, la pili linahitaji mita 56. Mita 14 zinaonekana si nyingi. Lakini pale la kwanza liliposimama, la pili bado linakimbia 40 kwa saa. Kwa mwendo huo unamgonga mtu, na anaumia vibaya.

Ila hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine: ukipunguza mwendo kutoka 80 hadi 40, umbali wa kusimama unabaki robo. Kwa hiyo kwa gari lisilotoka mjini, tofauti ya jina inapungua, na umri na hali ya tairi vinapanda cheo.

Halafu "bei nafuu" si ukoo mmoja. Kuna matairi yasiyo na kwao, na kuna ya Uchina na India yanayouzwa hadi Ulaya, kama Sailun, Linglong, Triangle na Apollo. Hayo yakiuzwa Ulaya lazima yabandikwe lebo, na kwenye lebo kuna daraja la kushika barabara iliyolowa, A iliyo bora hadi E tangu Mei 2021. Kuna modeli za bei nafuu zenye B na modeli za majina makubwa zenye C. Ukishaliona hilo kwa macho yako unaacha kuabudu majina.

Hapa ndipo wewe wa nje unaweza kusaidia kuliko kutuma hela tu. Mwambie ndugu yako aingie dukani, apige picha ya jina la kampuni na jina la modeli, yote mawili, maana kampuni moja ina modeli nyingi. Wewe fungua EPREL, hifadhidata ya Umoja wa Ulaya iliyo wazi kwa kila mtu, tafuta modeli na saizi hiyo, usome lebo yake. Si hakikisho la asilimia mia, kwa sababu tairi la soko la kwetu linaweza kuwa limechanganywa tofauti chini ya jina lile lile. Lakini modeli isiyoonekana popote nayo imekuambia kitu.

Picha za kuomba kabla ya kutuma hela

Saizi kwanza. 185/65R15 maana yake upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Saizi sahihi ya gari imeandikwa kwenye stika, fungua mlango wa dereva utaiona. Baada ya saizi huwa kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo: 88H, kwa mfano, ni kilo 560 kwa tairi moja, na H ni mwendo hadi 210. Hiace isivalishwe tairi la gari dogo kwa sababu tu saizi imeingia. Tafuta yenye herufi C mwishoni mwa saizi, ya magari ya kazi.

Kisha DOT, zile tarakimu nne za mwisho. Kampuni nyingi zinashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika na litolewe likifika kumi hata kama kashata ipo. Mimi kwa jua la kwetu, na maduka yanayoyapanga nje barazani kama mapambo, sinunui tairi "jipya" lililozidi miaka miwili.

Halafu herufi E ndani ya duara, na namba ndefu pembeni yake inayoishia kwa kitu kama S2WR2. Ile W ndiyo unayoitaka: tairi limepita kipimo cha kushika kwenye maji. Mengine yana maandishi ya soko la Marekani: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi. TRACTION ni kipimo cha breki kwenye barabara iliyolowa. Chukua AA au A, waachie wenyewe B na C. Muuzaji akikusifia TREADWEAR 600 kwamba litadumu hadi wajukuu, kumbuka mara nyingi mpira unaodumu sana ni mgumu, na mpira mgumu unateleza.

Mwisho ni alama ya theluji. Matairi hayo yametengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7, mpira wake ni laini mno kwa joto letu, unachakaa haraka na gari linayumba. Wa Sweden na Ujerumani mna mengi gereji, msiyatume. Na gari likitoka Japani, kagua: yanayotoka sehemu za baridi huja yamevaa matairi ya theluji yenye neno STUDLESS ubavuni. Watu wanafurahi kwamba gari limekuja na "tairi nzuri za Kijapani", wanaingia nazo masika.

Kwa yaliyokwisha kuanza kutumika, kijiti cha kiberiti kinatosha. Kichomeke kwenye mfereji wa tairi, weka alama kwa kalamu, pima kwa rula. Sheria ya hapa Uingereza inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwa mvua mimi namwambia mdogo wangu 3 ndiyo mwisho. Na lililochongwa upya kwa kisu cha moto ili lionekane lina kashata, usiliguse.

Gari lipi livae nini

Gari la wazee linalokwenda kanisani, sokoni na Bugando kliniki, kilomita chache kwa wiki, litazeesha matairi kabla ya kuyamaliza. Nunua ya bei ya kati, mapya kabisa, yenye B ya mvua, uyabadilishe umri ukifika. Ya gharama kubwa hapo ni kuyaozesha.

Gari la biashara ni kinyume. Linakula matairi, na dereva hawezi kuona uchungu wa hela isiyo yake. Nimeona mtu akituma matairi ya gharama, dereva akayatumia mpaka yakawa vipara kwa sababu "boss alisema ni ya kudumu". Hapo bora ya bei nafuu yenye ile W, na makubaliano ya kubadilisha kwenye milimita 3.

Gari la safari ndefu, lile litakalowapeleka watoto Serengeti au Bukoba likizo ya Desemba, livalishe ya jina. Hapo sibishani na mtu. Ukikodi, zunguka gari pale pale uwanja wa ndege kabla ya kusaini, na spea nayo itolewe uione.

Yetu yaliishaje? Bajeti ya mwezi ule iliruhusu mawili kwanza. Nikawa hewani kwa video na fundi wa Buzuruga.

"Da'mkubwa, mapya tunaweka mbele. Mbele ndiko kunakokata kona."

Nikamwambia aweke nyuma. Akacheka kwa adabu. Nikamweleza kwamba mbele yakiteleza, gari linakwenda mbele na dereva analisikia, anaachia mafuta, linarudi. Nyuma yakiteleza, gari linageuka kama feni na hakuna cha kuachia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hela yako, da'mkubwa," akayaweka nyuma. Upepo alitaka kujaza kwa kupiga teke. Nikamwomba asome stika: 220 kPa, yaani kama 32 kwenye geji yake. Mawili ya mbele yalifuata mwezi uliofuata, modeli ile ile.

Yale ya theluji alitaka kuyanunua. Nikasema hapana, chana ubavu kwa kisu nikiwa naangalia, maana nilijua yangeishia kwenye gari la mtu mwingine. Akachana matatu. La nne mama alilikatalia. Amelilaza uani, amepanda mchicha, na anasema mpira ule unatunza unyevu vizuri sana.