Mwani wa biodizeli: asilimia ya mafuta isikudanganye

Anayetaka kufuga mwani wa maji baridi (vijimea vidogo vya kijani, si mwani mkubwa wa baharini) kwa ajili ya biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya mimea, hapa Dodoma huuliza kwanza ni aina gani yenye mafuta mengi. Aulize badala yake ni ipi itakayompa mafuta mengi kwa kila lita ya maji, kwa siku. Botryococcus braunii inasifika kwa mafuta, lakini hukua taratibu mno. Chlorella na Scenedesmus zina mafuta ya wastani ila huzaliana haraka. Piga hesabu: aina yenye mafuta asilimia 40 inayoongezeka gramu 0.05 kwa lita kwa siku itatoa gramu 0.02 za mafuta. Yenye asilimia 20 inayoongezeka gramu 0.2 itatoa 0.04, mara mbili yake. (Alizeti yako usiing'oe ili ufuge mwani, maana kuvuna na kukausha mwani bado ni ghali.)

Anza na mwani uliozoea jua letu. Chota maji Hombolo, Mtera au kwenye malambo ya mifugo, bila kuchuja kwa wavu, maana Chlorella ni ndogo mno, hupenya. Ukikuta utando wa kijani-buluu kama rangi iliyomwagika juu ya maji, uache: huenda ni Microcystis, ambayo sumu yake inaweza kuua ng'ombe. Maabarani, tenganisha kwenye sahani za agari (rojo gumu la kukuzia vijimea) hadi ibaki aina moja moja.

Kisha zishindanishe: chupa sawa, mwanga sawa, mbolea sawa, na maji ya kisima utakachotumia, si maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyochemshwa na mvuke wake kugandishwa tena hadi yakakosa chumvi. Visima vingi vya huku vina chumvi, na bwawa la wazi hupoteza maji kila siku huku chumvi ikibaki. Kwa hiyo jaribu pia kwenye maji yaliyoachwa juani yakapungua hadi nusu. Inayopauka humo itupwe, hata ingekuwa na mafuta kiasi gani.

Mwani ukinyimwa nitrojeni hulimbikiza mafuta, lakini ukuaji hudumaa. Ukuze kwanza kwa mbolea ya kutosha, ndipo uache kuitia siku za mwisho, na upime hatua zote mbili.

Kutoa mafuta kwa kloroformu na methanoli, ambazo ni kemikali zenye sumu, ni kazi ya maabara, si ya jikoni. Omba wakupimie na asidi za mafuta, yaani viungo vinavyounda mafuta hayo: oleiki nyingi ni heri, ila linoleniki ikizidi asilimia 12 dizeli hiyo haifikii kiwango cha Ulaya cha EN 14214, kwani huharibika upesi ikikutana na hewa.