Kabla Watu Hawajaingia Saiti: Mambo ya Kuzingatia

Kagua eneo la kazi siku moja kabla, tena saa saba au saa nane mchana. Wengi wetu hukagua asubuhi, umande haujakauka, tunaona mti mkubwa pembeni na kuandika "kivuli kipo". Jua likifika utosini, kivuli chote kimejikunja shinani. Simama hapo robo saa ukiwa umevaa watakachovaa wenzako: ovaroli, buti, kofia ngumu. Ndipo utajua kama unahitaji turubai. Na turubai lifungwe juu, pande zikiwa wazi upepo upite. Likishuka sana, chini yake panakuwa tanuri.

Maji yapigiwe hesabu. Kwa kazi ya nguvu juani, kipimo kinachotumika ni kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, yaani kati ya robo tatu ya lita na lita moja kwa saa. Watu 20 wakipiga kazi kwa saa 8 wanahitaji lita 120 kwa uchache. Hayo ni madumu sita ya lita 20, na hapo hakuna aliyenawa mikono. Mtu asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji yakizidi sana chumvi ya mwilini inazimuliwa, nako ni kuugua kwingine. Dumu likae hatua chache kutoka mahali watu wanapochimba. Ukiliacha kwenye gari mita mia mbili kule, watavumilia kiu.

Halafu choo. Saiti isiyo na choo cha staha, wanawake wanajizuia kunywa maji tangu wanapotoka nyumbani, kisha tunashangaa mtu kaanguka na madumu yamejaa. Mimi choo nakiandika kwenye mahitaji ya kujikinga na joto, mstari mmoja na maji, ili asitokee wa kukikata bajeti ikibana.

Baada ya hapo chukua orodha ya majina, na hapa usiwe na haraka. Nani ni mgeni? Nani ametoka likizo au kitandani? Nani anatumia dawa za presha zile zinazokojoza? Hilo la mwisho uliza faraghani. Vifo vingi vya joto kazini humpata mtu katika siku zake za mwanzo, kwa sababu mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea: jasho lianze kutoka mapema, chumvi ipotee kidogo. Kwa hiyo mgeni apewe moja ya tano tu ya muda wa kawaida juani siku ya kwanza, kisha aongezewe moja ya tano kila siku. Mzoefu aliyekaa nje ya kazi wiki nzima au zaidi aanze na nusu. Tatizo ni kwamba mgeni ndiye anayetaka kuonekana. Niliwahi kuwa na kijana wa siku ya kwanza aliyewaongoza wote kwa koleo hadi saa tano. Saa sita akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Tukacheka, tukidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mtu akichanganyikiwa, akaongea ovyo au akapepesuka juani, chukulia ni kiharusi cha joto hata kama jasho bado linamtiririka. Mwili wake umefika nyuzi 40 au zaidi. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na muanze wakati mwingine anapiga simu. Msisubiri gari lifike ndipo apozwe. Akiwa hana fahamu sawasawa msimnyweshe chochote. Maji ya kumwagia yatengwe tangu jana yake. Yasichotwe kwenye yale ya kunywa.

Swali jingine la kumaliza mapema ni malipo. Anayelipwa kwa kipande hatapumzika hata umtundikie bango, kwa sababu kila dakika ya kivulini inamtoka mfukoni. Wasikie kinywani mwako, kabla ya kazi, kwamba mapumziko yanalipwa.

Vumbi halilalamikiwi sana kwa kuwa haliangushi mtu siku hiyohiyo. Kama kuna kukata zege au mawe, andaa maji ya kulowesha pale msumeno unapogusa. Vumbi la silika, lile laini sana linalotoka kwenye mawe na zege, likishachakaza mapafu hakuna dawa ya kuyarudisha. Barakoa za kubana haziwafai wenye ndevu, hewa inapenya pembeni, basi waambieni mapema. Kelele nazo zina kipimo chepesi: kama mnalazimika kupaza sauti mkiwa mmeachana kwa urefu wa mkono, vizibo vya masikio vinahitajika.

Penye majani marefu, gambuti na kijiti cha kupekulia mbele. Akiumwa mtu na nyoka, hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba. Avuliwe pete na saa kabla hajavimba, atulie, abebwe. Uliza pia nani alichanjwa pepopunda na lini, maana kinga hiyo huongezewa kila baada ya miaka 10. Radi ikisikika, watu waingie kwenye jengo au gari lililofungwa, wakae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Turubai lako si kinga ya radi, mti ndiyo usiseme.

Mwisho, pigia simu kituo cha afya kilicho karibu ukiwa umesimama palepale saitini, ujue mtandao upo na dawa ya sumu ya nyoka ipo. Andika maelekezo ya njia kwenye karatasi, kwa maneno atakayoelewa dereva asiyewahi kufika. Gari la kubebea mgonjwa liegeshwe pua ikielekea barabarani, na ufunguo ukae kwa mtu ambaye kazi yake siku hiyo haimshushi shimoni.