Jinsi ya kusoma kipimo cha CRP kwa mwenye VVU
Mgonjwa mwenye VVU anapofika kituo cha afya hapa Bukavu, mchome kidole upime CRP, protini ambayo ini huiongeza kwenye damu kinga ya mwili inapoamka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kiwango kinachozidi miligramu 5 kwa lita kuwa sababu ya kutafuta kifua kikuu, wala si uthibitisho wake, kwa kuwa malaria, ambayo huku haikosekani, hukipandisha vilevile. Kwa hiyo andika namba yenyewe, usiandike "chanya" tu, kisha peleka makohozi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Aliyelazwa na CD4 yake, yaani idadi ya seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, iko chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, mpime pia mkojo kwa LAM, kipimo kinachotafuta kipande cha ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, hata kama hakohoi.