SOMO: Jenga spindo ya seli mezani uache kukariri

Wakuu habari, leo Dodoma upepo na vumbi kazi ipo. Juzi nilikuwa na vijana wa form six hapa Area C, wamechora spindo nzuri tu (ule mtandao wa nyuzi unaotenganisha kromosomu, vibeba vinasaba, seli inapogawanyika) ila ukiuliza uzi upi umeshika kromosomu wanababaika, basi tukaamua tuijenge.

1. Panga njiti 13 za kiberiti kuzunguka penseli, funga rababendi, chomoa penseli. Huo ndo mrija wa mikrotubuli, yaani uzi mmoja wa spindo, wazi katikati, safu 13 za protini ya tubulini, upana nanomita 25 hivi. Vichwa vyote viangalie upande mmoja, hapa msilipue kazi maana mrija una ncha chanya inayokua na kupungua haraka, na ncha hasi iliyotulia zaidi.

2. Ubao, misumari miwili, hizo ni sentrosomu, vituo viwili vya seli ambako nyuzi zinaanzia. Kila uzi ncha hasi inakaa msumarini, chanya inatoka nje. Ukivuta uzi mmoja toka msumari hadi msumari kama waya wa shamba la zabibu umekosea, na vijana wangu karibu wote walianza hivyohivyo!

3. Nyuzi fupi zielekee pembeni kwenye utando wa seli, hizo za nyota. Nyingine zitoke pande zote mbili zipishane katikati bila kufungana, hapo kinesini, protini ya injini, inasukuma misumari iachane. Zilizobaki zishike vifungo vya shati ulivyoshona viwiliviwili (kila jozi ni nakala mbili za kromosomu moja), kimoja kinashikwa kushoto mwenzie kulia.

4. Kata uzi kati ya vifungo, anafezi, hatua ya nakala kuachana, imeanza. Usivute kifungo kama ndoo ya kisimani, we punguza uzi palepale kwenye kifungo, tubulini inabanduka hapo na kifungo kinaufuata.

MASWALI

– Mwalimu, kitunguu hakina sentrioli (vijirija vya ndani ya sentrosomu), sasa spindo inatoka wapi?
Mirija inaota kuzunguka kiini na kromosomu zenyewe, alafu protini za injini zinaikusanya pande mbili. Ndo maana ncha zake ni butu na nyota huzioni.

– Kolchisini je, ile kemikali inayozuia seli kugawanyika?
Inaing'ang'ania tubulini isijipange, spindo haijengeki, seli inakwama.

– Mbona kromosomu zilizowahi kushikwa haziondoki?
Kinetokori (sehemu ya kromosomu inayoshikwa na uzi) moja tu ikiwa bado haijashikwa inatoa ishara ya "subiri", zote zinangoja.

– Mkuu njiti zangu zinaacha mwanya
Penseli yako nene, chomoa kwanza ndo ukaze rababendi, mwanya utajifunga.