Unataka kujifunza gari? Tafuta mwalimu, ami yako muache apumzike

Mie gari nilifundishwa na ami yangu kiwanjani, jioni mbili tatu tu, gia ya kwanza, ya pili, nikarudi nyuma, akanambia basi ushakuwa dereva. Nikajiona barobaro hasa. Siku ya kwanza naingia kiplefti cha Michenzani, hapa mjini Unguja, daladala kulia, vespa kushoto, mtu na baskeli yake ya mikate mbele, gari ikanizimikia pale pale katikati nikapigiwa honi mpaka nikasahau klachi iko mguu gani. Ndo nikaenda kwa mwalimu wa kulipwa.

Sasa wewe mdogo wangu unayetaka kuanza, leseni ya kujifunzia uwe nayo kwanza na gari iwe na kibao cha L. Mwalimu akikwambia twende tu hayo mambo madogo, mkimbie. Kabla hujalipa chungulia upande anaokaa yeye, kuna breki? Ile pedali ya pili si pambo, ukikosea yeye anaikamata gari kabla hujamgonga mtu, ami yako atabaki kupiga kelele na kuvuta haendbreki. Uliza pia mnapanda wangapi kwa pamoja, maana kuna watu wanalipia saa nzima, wanaendesha dakika kumi, zilobaki wanatazama kisogo cha mwenzao.

Ukishaanza usihangaike sana na miguu, klachi utaizoea tu. Unachomlipia mwalimu hasa ni macho. Wangu alikuwa ananilazimisha niseme kwa mdomo kila nnachokiona mbele, mwanzo nikaona haya wallahi: "daladala imesimama, mtu atatokea mbele yake", "gari ya ng'ombe ile, naifikia haraka", "mpira umetoka uchochoroni, mtoto yuko nyuma yake". Baada ya wiki mbili nikawa nayaona bila kuyasema. Dereva mgeni anatazama boneti, mzoefu anatazama kule njia inakokwenda. Mwombe mwalimu wako mfanye hivyo, hata kama si kawaida yake.

Akufundishe na masafa. Kwa spidi ya 60 gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hivyo ukiinamia simu sekunde 3 ushakwenda mita 50 hujui mbele pana nini. Na spidi ukiiongeza mara mbili, masafa ya breki hayaongezeki mara mbili, yanakuwa mara nne! Kipimo chepesi: gari ya mbele ikipita mnazi au nguzo ya umeme hesabu sekunde 2, ukiufikia mnazi hujamaliza kuhesabu basi umemganda mno. Mvua ikinyesha hesabu 4.

Masomo yasiwe yote saa nne asubuhi njia nyeupe. Moja liwe la usiku, moja la mvua ya masika, moja kukaribia futari ikiwa Ramadhani maana hapo kila mtu anakimbilia kwake na njaa yake, moja njia ya Jozani penye matuta kwa ajili ya kima punju wanaokatisha, ukifika Paje kuna watalii wa skuta ambao wengine kwao wanaendesha kulia, ghafla mko uso kwa uso. Wa Pemba nyie mna milima na kona zenu, kwa hivyo mwalimu akufundishe kuondoka mlimani kwa haendbreki gari isirudi nyuma, na kuteremka kwa gia ndogo, ukikanyaga breki mteremko mzima zinapata moto zinakataa kushika. Msimu wa karafuu majamvi ya kuanikia nayo yako ukingoni mwa lami.

Leseni ukishapata, miezi ya mwanzo ukiwa peke yako ndo mibaya zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Kwa hivyo usijaze marafiki watano mkaenda Nungwi usiku, kwanza zunguka mchana na mzazi pembeni, mkanda umefungwa.

Halafu usimwache mwalimu aondoke hujabadilisha tairi kwa mikono yako. Langu la mwanzo lilipasuka Tunguu jua la saa saba, stepni ninayo, jeki ninayo, pa kuiweka sipajui, akanifungia muuza madafu.