Namna ya kuingiza kompyuta kwenye kozi za fizikia bila kusubiri mtaala mpya

Mhadhiri mwenzangu, kama unataka wanafunzi wako wa fizikia wajue kuandika programu, usianze kwa kuomba kozi mpya. Kozi mpya lazima ipite idara, kitivo, Seneti, kisha Tume ya Vyuo Vikuu. Ikishapita, mara nyingi hukabidhiwa idara nyingine, na mwanafunzi wako atajifunza kupanga majina ya watu kwa alfabeti. Atafaulu. Muhula unaofuata utampa swali la mekanika, na hatafikiria hata kidogo kwamba yale aliyojifunza yanahusika.

Anza ndani ya kozi ambayo tayari ni yako. Mimi nafundisha mekanika kwa mwaka wa kwanza hapa Dar es Salaam, na nilichofanya ni kubadilisha baadhi ya kazi za nyumbani na vipindi vichache vya maabara. Mada za kozi zilibaki zilezile, kwa hiyo hakuna kikao kilichohitajika.

Hatua ya kwanza ni kupata swali ambalo kalamu peke yake hailiwezi kirahisi. Kwenye mekanika liko wazi. Tangu sekondari mwanafunzi anaambiwa "puuza ukinzani wa hewa", na anapuuza mpaka anahitimu. Mrudishie hiyo hewa. Nunua vikombe vya karatasi vya kuokea keki ndogo, vile vinavyouzwa maduka ya vifaa vya keki Kariakoo. Ni vyepesi, na vinaanguka vimesimama wima bila kupinduka. Mwanafunzi mmoja anapanda juu ya meza na kukiachia kutoka mita 2.5, mwingine anarekodi video kwa simu. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha na picha ni sehemu moja ya 30 ya sekunde. Weka rula ya mita ukutani na wasome kimo picha kwa picha. Kisha wapachike vikombe vinne kimoja ndani ya kingine na kurudia. Umbo ni lilelile, uzito ni mara nne, na kasi ya mwisho, ile isiyoongezeka tena, inakaribia mara mbili. Hapo wameona kwa macho kwamba ukinzani unakwenda na kasi kipeo cha pili. Kompyuta bado imezimwa.

Hatua ya pili inafanyika kwenye daftari, na usiiruke hata kama wanafunzi wana haraka ya kugusa kibodi. Kanuni ya pili ya Newton inatupa mchapuko wa sasa. Chukua muda mdogo sana (kwenye programu tutauita dt), uchukulie kwamba ndani yake mchapuko haubadiliki, utafute kasi mpya, kwa kasi hiyo utafute kimo kipya, kisha urudie. Wachore jedwali la safuwima nne na kujaza mistari mitano ya kwanza kwa kikokotoo. Kufikia mstari wa tano watakuwa wamechoka, na watakuwa wameelewa kila kitu kitakachofanywa na programu hii:

g = 9.8
kasi_mwisho = 1.5
dt = 0.01
muda = 0
kimo = 2.5
kasi = 0
while kimo > 0:
    mchapuko = g*(1 - (kasi/kasi_mwisho)**2)
    kasi = kasi + mchapuko*dt
    kimo = kimo - kasi*dt
    muda = muda + dt
print(muda)

Ni Python, lugha ya kuandikia programu, na majina ya vigeu ni ya Kiswahili kwa makusudi. Mwanafunzi akisoma mstari wa "kasi" anausoma kama sentensi ya fizikia. Hiyo 1.5 ni mfano tu. Kila kundi liweke kasi ya mwisho iliyotoka kwenye video yake. Kwa 1.5, programu inatoa karibu sekunde 1.8. Bila hewa, kimo hichohicho kinachukua sekunde 0.71. Waweke nukta za video na mstari wa programu kwenye grafu moja. Pale visipolingana ndipo kipindi kinapokuwa kitamu: je, kikombe kiliyumba? Sekunde sifuri waliianzia picha ipi? Walisoma rula wakiwa wamesimama pembeni?

Weka sharti moja la maabara: hakuna kubonyeza kitufe cha kuendesha programu kabla ya kuandika kwenye daftari unatarajia nini. Ukiongeza dt mara kumi, jibu litakwenda wapi? Ukianzisha kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde kuelekea chini, kikombe kitaongeza mwendo au kitapunguza? Wengi husema kitaongeza, kwa sababu kinaanguka. Programu inaonyesha kinapunguza mpaka 1.5, na mabishano yanayofuata ni fizikia safi.

Baada ya hapo nenda kwenye pendulamu, kwa sababu ndiyo inayofundisha kutoiamini kompyuta. Chukua pendulamu ya mita 1, mbembeo mdogo, dt ya sekunde 0.01, na waandike programu ambayo nafasi mpya inatafutwa kwa kasi ya zamani. Inaonekana ni jambo la haki kabisa. Wachore nishati dhidi ya muda. Ndani ya sekunde 10 nishati inazidi mara mbili na nusu ya ilivyoanza, hakuna aliyeisukuma, na programu haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Waache wahangaike nayo. Kisha waambie watafute kasi kwanza, na nafasi itumie hiyo kasi mpya, kama tulivyofanya kwenye kikombe. Kwa kubadilisha mpangilio wa mistari miwili tu, nishati inatulia. Inapanda na kushuka kidogo pale pale. Alan Cromer alichapisha maelezo ya njia hii mwaka 1981, na alieleza kwamba aliyeigundua alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Huwa nawaambia wanafunzi wangu habari hiyo, na naona wanavyokaa vizuri kwenye viti.

Programu ikishatulia, wapandishe pembe ya kuanzia hadi nyuzi 90. Ile fomula ya muda wa mbembeo waliyoikariri inasema sekunde 2.0, kompyuta inasema karibu 2.37, yaani asilimia 18 zaidi. Funga uzi kwenye jiwe na upime. Ukinzani utakusumbua, lakini tofauti utaiona.

Sasa vifaa. Usisubiri maabara ya kompyuta 60. Darasa langu lina laptopu chache na simu nyingi, na inatosha. Kwenye laptopu weka Thonny, programu ya kuandikia na kuendesha Python, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ni ya bure na inakuja na Python yake ndani, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Numpy na matplotlib, nyongeza za Python za hesabu na grafu, zishushe mara moja kwa amri ya pip download, ziweke kwenye flashi pamoja na Thonny, na flashi izunguke darasani. Hakikisha ulizoshusha zinalingana na toleo la Python la laptopu husika, la sivyo hazitakubali. Bando la mwanafunzi liachwe kwa mambo mengine. Umeme ukikatika, jedwali la daftari linaendelea, kwa hiyo panga kila kipindi kiwe na sehemu ya kalamu.

Wakae wawili wawili kwa kompyuta moja, na uwe mkali kuhusu nani ameshika kibodi. Badilisha kila robo saa, kwa saa ya ukutani. Usipofanya hivyo, aliyewahi kugusa kompyuta nyumbani ataandika yeye muhula mzima, na mara nyingi sana msichana aliye pembeni yake atabaki kusoma maelekezo kwa sauti. Nimeliona hili mara nyingi mno kuliacha lijitatue lenyewe.

Alama ndizo zitakazoamua kama jambo hili litachukuliwa kwa uzito. Kwetu alama 40 ni za muhula na 60 za mtihani. Toa 10 kati ya zile 40 kwa kazi za programu, na uweke swali moja kwenye mtihani wa mwisho, kwa karatasi. Andika programu yenye mistari kumi, ugeuze alama moja ya kutoa kuwa ya kujumlisha, na uulize: grafu itaonekanaje, na kanuni gani ya fizikia imevunjwa? Kwa kazi za nyumbani, kunakili hakuzuiwi kwa kufoka. Keti na kila mwanafunzi dakika tano, badilisha namba moja mbele yake, na umwombe aeleze kitakachotokea. Aliyenakili kwa rafiki au aliyeandikiwa na mashine atanyamaza. Dakika hizo ni nyingi ukiwa na darasa kubwa. Gawana na wahadhiri wasaidizi.

Wenzako idarani watauliza: utakata nini? Jibu swali hilo kwa uaminifu, maana muda lazima utoke mahali. Mimi nilikata marudio ya maswali ya kitu kinachoteleza kwenye mteremko, aina ya saba na ya nane ya swali lilelile, na sijaona pengo. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kilianza kuunganisha kompyuta na masomo ya sayansi mwaka 2003, kwa kuhakikisha hisabati, programu na mekanika za mwanzoni zinazungumza. Sisi tunaweza kuanza na wahadhiri wawili wanaokunywa chai pamoja: wa mekanika na wa hisabati.

Kozi nyingine zitafuata kirahisi. Umeme-sumaku: potensheli ndani ya kisanduku, kila kisehemu kikiwa wastani wa majirani zake wanne, na hata Excel inaweza. Fizikia ya joto: mwendo wa kubahatisha wa chembe. Lakini kwenye kozi ya mawimbi, mwaka wa pili, tumia bahari. Jumlisha mawimbi mawili, moja la saa 12.42 linalotokana na mwezi, jingine la saa 12 kamili linalotokana na jua, uchore siku 30. Utaona yanakutana na kuachana kila siku 14.8 hivi: bamvua, maji mafu, bamvua tena. Mwanafunzi kutoka Kilwa au Pemba atakuwa wa kwanza kuitambua grafu hiyo. Mpe jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam na aamue ukubwa wa kila wimbi yeye mwenyewe.

Tunza kila kitu: maswali, programu za wanafunzi, majibu ya mtihani, hata video za vikombe. Mapitio ya mtaala yakifika, peleka faili hilo kwenye kikao cha idara, na hapo ndipo uombe kozi kamili ya mwaka wa tatu.