Fonti ya Word, iseti mara moja yaishe
Nyie mnaochapa barua na ripoti kwenye steshenari huku Moshi, mbona kila dokumenti mpya mnabadilisha fonti upya jamani? Fungua Word, bonyeza Ctrl na D kwa pamoja, chagua Times New Roman saizi 12 au yoyote wateja wako wanayopenda, alafu chini kushoto bonyeza Set As Default, itakuuliza ni dokumenti hii tu au zote, hapo ndo wengi wanachemka wanabonyeza OK fasta, we chagua ile ya pili kwanza. Word mpya zinakuja na fonti ya Aptos tangu 2023, ukiipeleka faili kwenye kompyuta ya zamani isiyo nayo mistari inahama, mara ukurasa umeongezeka. Mafaili uliyokwisha seivu hayaguswi.